Boksi la Macho

Mtaani kwetu Mtopanga baba yangu haitwi jina lake. Anaitwa Dereva, na wapo watu wazima wenye watoto wao ambao ukiwauliza jina alilopewa na wazazi wake watakuna vichwa mpaka uwahurumie. Aliendesha mabasi madogo ya watalii wa hoteli za Nyali tangu kabla sijazaliwa hadi alipostaafu. Alipostaafu akabaki na gari lake mwenyewe, saluni nyeupe ya Kijapani iliyoshuka bandarini ikiwa tayari imechoka, ambayo mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiiita mke mwenza. Mama alisema kwamba siku atakayougua yeye na gari likaugua, anajua vizuri nani ataitiwa fundi kwanza.

Kilichompa baba jina ni maharusi. Kwa miaka mingi hapakuwa na bibi harusi wa Mtopanga aliyepelekwa kwa mumewe katika gari la mtu mwingine, maadamu Dereva yupo na ni mzima. Siku ya kuamkia harusi aliliosha gari tangu asubuhi, akatandika kitambaa cheupe kiti cha nyuma, kisha akaweka chetezo cha udi ndani na kufunga madirisha yote. Moshi ulijaa hata usione usukani. Sisi watoto tulisimama nje tumebandika pua kwenye vioo, tukigombea nani atafungua mlango, maana aliyefungua ndiye aliyepokea ule moshi usoni, na siku nzima alitembea akijinusa mikono.

Bibi harusi wa kwetu ni mzigo wa kuogopwa. Piko na hina mikononi zingali changa, wanja umechorwa na somo wake, mwanamke anayemfunda, kwa subira kubwa, asumini zimeshonwa kichwani moja moja. Mtikisiko mmoja wa gari unaweza kuharibu kazi ya wanawake wa nyumba nzima. Baba aliyapita matuta ya Kisauni kama aliyebeba trei ya mayai mapajani. Breki hakuzipenda. Alisema mwenye kukanyaga breki kila mara ni mtu ambaye hakutazama mbele, na vijana wote wanaoendesha magari siku hizi aliwaita wacheza ngoma. Mimi pia alinipeleka, zamu yangu ilipofika. Ndoa haikudumu, lakini wanja ulifika salama.

Ninachokikumbuka zaidi ni safari za kurudi. Bibi harusi ameshashuka, akina shangazi wamebaki huko kula, na sisi watoto tumelala juu ya kile kitambaa cheupe katikati ya harufu ya udi na maua yaliyopondeka. Dirisha lilikuwa limeshushwa nusu, na jua la alasiri lilipopiga kioo, ukingo wake wa juu uling'aa rangi ya kijani kibichi. Uso wa kioo haukuwa na rangi yoyote. Ukingo tu. Nilimuuliza baba kwa nini, akanijibu kwamba kioo ndivyo kilivyo. Nilimuuliza tena na tena mpaka akawasha redio.

Nilipofika chuo kikuu ndipo nikaelezwa. Mwanga ukishaingia ndani ya kioo kwa mshazari wa kutosha, hauwezi tena kutoka kupitia nyuso zake. Hugonga uso huu ukarudishwa, ukagonga wa pili ukarudishwa, hivyo hivyo mpaka ufike ukingoni, na huko ndiko unakochomoza. Njiani, chembe za chuma zilizomo kwenye kioo zimeshaunyang'anya rangi nyingine, umebaki na kijani. Nakumbuka nilivyokaa katika ule ukumbi wa mihadhara nikatabasamu peke yangu, nikinusa udi ambao haukuwapo.

Leo hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Naifanya katika chumba kilicho juu ya duka la dawa huko Nyali, mimi na wenzangu wachache. Tunabuni vioo vyembamba vya kuongoza mwanga, kwa ajili ya kifaa kinachomwonyesha dereva mwendo wa gari mbele ya macho yake, asilazimike kuinama kutazama dashibodi. Magari ya kifahari yamekuwa na vifaa vya namna hiyo kwa muda mrefu, lakini vile hutegemea vioo vikubwa vilivyopinda, vilivyofichwa ndani ya sanduku chini ya dashibodi. Gari dogo halina nafasi ya sanduku hilo. Sisi tumelitoa sanduku tukabakiza kipande cha kioo ukubwa wa bahasha, kinachosimama juu ya dashibodi, na dereva hutazama barabara kupitia humo humo.

Ufundi wenyewe uko kwenye mistari. Upande mmoja wa kioo kuna mistari midogo mno, jicho haliioni, inayoupinda mwanga wa picha ili uingie ndani na kunaswa. Mwanga hukimbia humo ukigonga huku na huku, na ukifika mbele ya dereva hukuta mistari mingine inayoutoa kidogo kidogo. Hiyo ya kutolea ndiyo inayotukosesha usingizi. Mistari ya kwanza ikiwa na pupa hutoa mwanga wote, ya mwisho ikakosa. Ni yale yale ya mpakuaji wa pilau la harusi: akiwajazia sinia walio karibu na mlango, walio ndani watakula ukoko. Kwa hiyo tunaifanya mistari ya mwanzo iwe dhaifu, tukiiongeza nguvu kadiri tunavyokwenda, mpaka kila sehemu ya kioo itoe mwanga sawa na mwenzake.

Taabu yote hiyo ni kwa ajili ya kitu tunachokiita boksi la macho. Ni nafasi tupu iliyo mbele ya uso wa dereva. Jicho likiwa ndani yake, linaiona picha. Likitoka nje, picha hutoweka kama taa iliyozimwa. Na dereva hakai kama sanamu. Huinama, huegemea mlango, hujikuna. Boksi likiwa finyu, kila akijitikisa picha inamkimbia. Wengine kazini hushughulika na rangi, wengine na joto. Mimi ni mtu wa boksi.

Mwaka huu mdogo wangu, kitindamimba wetu, aliposwa na kijana wa Magongo. Wageni walioleta posa hawajamaliza hata kahawa, baba akatangaza kwamba atampeleka mwenyewe. "Nimewapeleka watoto wa watu wote wa mtaa huu," akasema. "Huyu ndiye wa mwisho wangu. Nikimfikisha kwa mumewe, hata hilo gari mtaniuzia, sitasema neno." Mdogo wangu akainama akilia kwa furaha, na mimi nikajua kwamba siku hiyo moja mzee ameitegemea kuliko sikukuu zote.

Kwa kadiri nilivyojua, kilichomsumbua ni miwani. Alikuwa na miwani ya kusomea aliyoichukia. Akiivaa, mshale wa mwendo aliuona vizuri na barabara ikawa ukungu. Akiivua, barabara ikarudi na mshale ukapotea. Akaishia kuendesha kwa kukisia. Nikaona hapa nitamfaa mzazi wangu, kwa sababu picha ya kioo chetu ina jambo moja zuri. Ingawa kioo kiko karibu, mwanga hutoka ndani yake umenyooka kama unaotoka mbali, na jicho la mtu mzima halina haja ya kuhangaika kulenga karibu. Mkubwa wangu kazini naye alikuwa akitafuta dereva mwenye umri wa kukijaribu. Nikamwambia ninaye nyumbani, tena hatozi.

Nikamwendea Jumamosi asubuhi na kioo changu ndani ya boksi la viatu. Gari lilikuwa limeegeshwa kivulini, kando ya ukuta wa madrasa, na baba alikuwa akilipangusa kama kawaida yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ndicho kioo chenyewe? Mbona kama kipande cha dirisha la choo."

"Ndicho hicho hicho. Kaa kwenye kiti."

Nilikifunga juu ya dashibodi, nikakiunganisha na simu yangu ili kipate hesabu ya mwendo, nikawasha. Baba alikodoa macho, akashusha kichwa, akakipandisha, kisha akatulia. Sisi ni watu wa Mvita wa asili tuliovuka daraja tukahamia Kisauni, na yeye bado huzungumza kikwao hasa anapofurahi, njoo ikawa ndoo.

"Wallahi naiona," akasema. "Mato yangu haya, bila miwani. Ndoo, ndoo utizame. Iko kule mbali, imekaa mgongoni mwa tuktuk ya jirani."

Tukazunguka mpaka barabara ya Bamburi na kurudi, mimi nimekaa kushoto kwake. Alikuwa na raha ya mtoto. Aliisoma kila hesabu kwa sauti, na kila nilipotia neno aligeuza kichwa chote kunitazama usoni, hata nikamgombeza atazame barabara. Tuliporudi aliwaita majirani mmoja mmoja wakalie kiti chake waone, akiwaeleza mambo ya mwanga ambayo nilikuwa nimemweleza mimi asubuhi ile ile, na akitia chumvi kila mahali. Nilimtazama nikavimba kichwa. Nilijiona nimempa baba harusi ya mwanawe.

Kupima boksi nilikuacha hadi Jumamosi iliyofuata. Kazi hiyo haina mbwembwe. Nilibandika rula ndefu nyuma ya kiti cha dereva, usawa wa masikio, nikamwambia baba atazame ile picha na asogeze kichwa polepole kuelekea kushoto, aseme inapopotea. Kisha arudi katikati, asogeze kulia, aseme inapopotea.

Kushoto alikwenda mbali, mpaka pale hasa nilipotarajia. Kulia hakwenda popote. Kichwa hakijasogea sana, akasema, "Imepotea."

"Rudia, baba."

Akarudia. Ikapotea pale pale.

Nilidhani kioo ndicho kibovu. Gari likikaa juani Kisauni ndani yake panakuwa tanuri, na gundi yetu tulishaiona ikilegea kwa joto. Nikamtoa baba kwenye kiti, nikakaa mimi. Picha ikanifuata vizuri pande zote mbili, kulia sawa na kushoto. Nikamrudisha baba. Kushoto sawa, kulia fupi. Nikaanza kukereka.

"Labda hukisogezi kichwa sawasawa, baba. Unakipinda."

"Mimi nakwambia imepotea. Wataka niseme uongo ili hesabu zako zipendeze?"

Nikashika rula nikapima ule upungufu wa kulia, niuandike tu niende nao kazini. Nilipoutazama, nikaupima tena. Upana ule naujua, kwa sababu nauingiza kwenye kompyuta kila siku ya kazi. Ni umbali wa kutoka jicho moja la mtu hadi jicho lake la pili.

Nieleze kidogo, maana hapo ndipo palipo na habari yote. Mtu mwenye macho mawili akisogeza kichwa kulia, jicho lake la kulia ndilo linalotoka kwanza ndani ya boksi. La kushoto linabaki ndani na linaendelea kuiona picha, mpaka nalo litoke. Ukiwa na la kulia peke yake, likishatoka basi, hakuna mwenzake wa kulisaidia.

Nikamwomba baba ashuke, nikakaa tena kwenye kiti. Nikaliziba jicho langu la kushoto kwa kiganja na kusogeza kichwa kulia. Picha ikatoweka pale pale ilipomtowekea yeye.

Nilipoondoa mkono usoni nilimwona amesimama mlangoni mwa gari, ananitazama. Alikuwa ameona nilichokifanya na alikuwa amekielewa. Akaokota kitambaa chake cha kupangusia, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya boneti.

"Adhuhuri imeingia," akasema. "Funga kazi." Akashika njia ya msikitini.

Nilibaki garini, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Kile kioo cha pembeni upande wa kushoto, kilichovunjika mara mbili, na mara zote mbili baba akawalaani bodaboda. Majirani walionong'ona kwamba Dereva siku hizi anajisikia, unampungia mkono anapita kama hakuoni. Kule kunigeuzia uso wote ninapozungumza, ambako nilikuwa nimekuchukua kuwa ni mapenzi tu. Kwetu mzazi haulizwi habari za mwili wake. Ukimwona anachechemea unamletea mafuta ya kuchua, huulizi. Kwa adabu hiyo hiyo tulikuwa tumekaa naye nyumba moja, tukila naye sinia moja, asitokee hata mmoja wa kusema. Na mimi, mwenye kuyapima macho ya watu kwa mshahara, niliona boksi fupi nikashuku gundi.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimfikiria mdogo wangu kiti cha nyuma, nikawafikiria wote aliowapakia, na wale wanaotembea ukingoni mwa barabara, kushoto, kule ambako kwake kulikuwa giza. Kisha nikaogopa, na woga ukaimeza hasira yote.

Baada ya alasiri nilimkuta amekaa barazani, kikombe cha kahawa mkononi. Nikakaa upande wake wa kulia.

"Baba, jicho la kushoto lina muda gani?"

"Mamako alikuwa bado hai," akasema. "Lilianza kama dirisha lenye vumbi. Nikawa nalipangusa, nikidhani ni tongo. Kisha likafunga."

"Hukumwambia mama?"

"Mamako alikuwa kitandani. Ningemwongezea na langu?"

"Na baada ya mama?"

"Baada ya mama ningemwambia nani? Wewe? Ungenipeleka kwa daktari, na daktari angesema usiendeshe. Na mimi nisipoendesha ni nani? Nitakuwa mzee wa Mtopanga tu." Akanywa kahawa. "Nilikuwa naenda pole. Na kichwa nageuza. Hukuniona nikigeuza?"

"Nilikuona."

Akaweka kikombe chini. Aliponitazama sikuweza kumtazama.

"Nipe mpaka harusi," akasema. "Siku moja tu, mwanangu. Ndia ya Magongo naijua hata nikifumba mato. Nimfikishe mwanangu, nikirudi funguo hizi uzichukue wewe."

Baba yangu hajawahi kuniomba kitu. Huniagiza, nami huitika abee na kuondoka. Katika maisha yangu nilikuwa nimemwambia hapana mara chache mno, na kila hapana ilikuwa na mkia mrefu wa maelezo na samahani.

"Hapana, baba," nikasema.

Alingoja mkia. Nilipiga moyo konde nikanyamaza. Kahawa ikapoa, watoto wa madrasa wakatoka wakipiga kelele, wakamwamkia shikamoo Dereva, shikamoo Dereva, naye akawaitikia mmoja mmoja. Walipokwisha akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya baraza kati yetu, akaingia ndani.

Hakunisemesha tena mpaka nilipompeleka kwa daktari wa macho. Daktari, mama mmoja mpole, alituambia ni presha ya macho. Mshipa wa jicho la kushoto umekufa na haurudi. La kulia nalo limeshaanza kuguswa, lakini likitiwa dawa asubuhi na jioni bila kuruka siku, huenda likadumu. Baba alisikiliza kwa adabu, akapokea kichupa chake cha dawa ya matone. Tulipofika nje akasema, bila kunitazama, "Basi hicho kioo chako kina faida." Kwa mzee yule, hayo ni maneno mengi.

Ikabaki harusi. Binamu zangu walijitokeza na magari makubwa yenye viti vya ngozi. Baba akawakataa wote, akisema hawezi kumtia mwanawe mikononi mwa wacheza ngoma. Siku moja tukiwa tunakula akanionyesha kwa kidole cha shahada.

"Atampeleka huyu."

"Mimi? Baba, wewe mwenyewe husema breki zangu zinatoa meno."

"Zitafundishwa."

Akanifundisha. Kila Jumamosi na Jumapili tulitoka Mtopanga, tukavuka Daraja la Nyali, tukapita Kibarani na kukata mzunguko wa Changamwe mpaka Magongo, kisha tukarudi. Alikaa kiti cha abiria, ameegemea, ameyafumba macho yote mawili. Alisema hana haja ya kuona, mwendo wa gari husikika mgongoni. Nikigusa breki kidogo tu, anasema, "Umekanyaga." Nikikata kona: "Hiyo ni ya lori." Alinitoa jasho bila ya mswalie Mtume, hata jioni moja pale Kibarani nikasimamisha gari pembeni nikamwambia aendeshe mwenyewe basi. Neno lilikuwa limeshatoka. Malori ya makontena yalikuwa yakitupita. Halafu akaanza kucheka, taratibu, mabega yakimtikisika, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Zile safari sasa ndizo ninazozikumbuka kuliko hata harusi yenyewe. Alinieleza mambo ambayo hakuwahi kuyaeleza: alivyojifunza kuendesha, alivyompeleka mama kwao Likoni wakiwa bado wachumba na shangazi mtu amekaa kati yao, mtalii gani alimsahau ufukweni. Hakuwa na usukani wa kumshughulisha, basi mdomo ukafunguka. Nilimpoteza dereva nikapata mtu wa kuzungumza naye, na sijui kama mabadilishano hayo yeye aliyaona kuwa ya haki.

Siku ya harusi aliliosha gari mwenyewe. Alitandika kitambaa cheupe, akafukiza udi, akafunga madirisha. Mdogo wangu akatolewa nje amefunikwa, somo wake kamshika mkono, wakaingizwa nyuma. Baba alikuwa kwenye kanzu mpya. Alitembea hadi mlango wa kulia kwa mazoea, akaushika, kisha akanifungulia mimi. Akazunguka mbele ya boneti, ameigusa kwa vidole njia nzima, akaenda kukaa kushoto.

Sikumbuki nilivyofika Magongo. Nakumbuka tu kwamba baba hakusema "umekanyaga" hata mara moja, na kwamba mikono yake alikuwa ameikunja mapajani kama mtoto aliyeonywa asiguse kitu. Vigelegele vilitupokea tangu kona ya mwisho. Wanawake wakalizunguka gari. Mdogo wangu alipita dirishani kwa baba, akainama, akaubusu mkono wake, akachukuliwa ndani na umati, mlango ukafungwa.

Tukabaki wawili. Injini ilikuwa bado inanguruma na kile kioo kilikuwa bado mbele yangu juu ya dashibodi. Sikuwa nimekitoa tangu siku ile ya kupima. Baba alikuwa akikitazama. Kutoka alipokaa kilikuwa kioo kitupu, na nyuma yake ukuta wa watu wa Magongo. Boksi la macho tumelijenga mbele ya uso wa dereva. Abiria hatukumwekea kitu.

"Hebu niione," akasema.

Nikajisogeza hadi bega langu likagota mlangoni, nikaegemeza kichwa kwenye dirisha ili nimpishe. Akainama kuja upande wangu, juu ya breki ya mkono, kofia yake ikinigusa kidevu.

"Sioni kitu."

"Njoo zaidi, baba. Jicho la kulia ndilo lifike. Njoo, njoo. Hapo."

Alikuwa ameniegemea kifuani kwa uzito wake wote. Nilisikia pumzi yake inavyopanda na kushuka.

"Naiona," akasema.

"Yasemaje?"

"Sufuri."

Hakuinua kichwa, nami sikumwambia ainue. Magari ya harusi nyuma yetu yakaanza kupiga honi tuwapishe njia, na bado hatukuondoka.